Gari la Harusi Lilivyochemsha Kutoka Kibamba Hadi Kigamboni

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, Kibamba ikiwa nyuma yetu na Mbezi Mwisho ikikaribia, mshale wa joto kwenye dashibodi ulivuka nusu. Mlioniuliza shughulini kwa nini nilifika na kanzu nimeitupia begani na mikono myeusi kama ya mchoma mkaa, maelezo yangu yanaanzia hapo. Siku ile sikuwa na nafasi ya kuwajibu.

Kwanza niseme nilikuwa nakwenda kufanya nini. Zuhura, binti wa marehemu kaka yangu, alikuwa anaolewa Jumamosi ile baada ya sala ya adhuhuri, kwenye msikiti wa jirani na kwao Kigamboni. Baba hana, babu hana, kaka hana. Walii wake, yaani mwenye haki ya kumwoza, ni mimi baba yake mdogo. Ningeweza kumpa shehe uwakala kwa simu aoze kwa niaba yangu, na siku hizi wengi hufanya hivyo. Lakini Zuhura alishaniambia mapema: "Baba mdogo, mie sitaki kuozwa na simu. Nataka mkono wako." Shehe naye alikuwa na nikahi nyingine Mbagala, akatamka wazi kwamba saa saba na nusu anaondoka, awe amefungisha au hajafungisha.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, na lina umri mkubwa kuliko baadhi ya waalikwa. Utunzaji wake nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kwa kufungua na kufunga. Asubuhi ile kabla ya kuoga nilikagua kama kawaida: oili, maji ya rejeta, maji ya breki, mkanda, upepo wa matairi yote pamoja na la akiba. Hakukuwa na kasoro. Ndiyo maana mshale ulipopanda nilijiona kama mtu anayedaiwa nauli mara ya pili na konda yuleyule.

Mbezi hadi Kimara

Abiria wangu alikuwa mmoja, Shangazi Mwanakheri, dada mdogo wa marehemu baba, mzaliwa wa Magomeni. Alilala kwetu ili asimamie mapambo, kwa sababu gari hilo ndilo lingempeleka Zuhura kwa mumewe jioni. Alifunga utepe mpana wa satini, rangi ya waridi, kutoka taa moja ya mbele hadi nyingine, akaweka ua kubwa la kitambaa katikati ya grili, kisha akalifukiza gari udi ndani na nje huku akilisomea. Kwenye mapaja alikuwa amepakata sinia la visheti lililofunikwa kwa kanga.

Foleni ya Mbezi ilikuwa inatambaa. Gari likianza kuchemsha mahali ambapo huwezi kusimama, unaliondolea mzigo. Nilizima kiyoyozi, nikashusha vioo vyote, nikawasha hita hadi mwisho. Hita huchukua moto wa injini na kuuleta ndani ya gari. Injini inapata nafuu. Walio ndani hawapati.

"We Rajabu, unafanya nini?"

"Naitoa joto injini, Shangazi."

"Unaitoa injini unalitia kwangu? Nimepaka wanja mie!"

"Dakika chache tu."

"Dakika chache ndivyo unavyoambiwa mkate tanurini."

Alijipepea kwa kipembe cha kanga, akasema maneno mengine ambayo sitayaandika. Mshale ulishuka kidogo, ukakaa, kisha ukaanza kupanda tena. Nilipoona sehemu pana ya kando ya barabara kule Kimara, niliingia, nikazima injini, nikawasha taa zote nne za kuonyesha hatari.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo halimo katika vitabu vyangu. Gari lililopambwa, limewasha taa zote nne, machoni pa mtu wa Dar es Salaam halijaharibika. Linasherehekea. Kila aliyepita alitupigia honi. Lori la mchanga lilipiga honi. Basi la shule, ambalo sijui lilikuwa linafanya nini Jumamosi, lilipiga honi na watoto wakapunga mikono. Nilipopunga mkono kuomba msaada, walizidi kupiga. Bajaji moja ilipunguza mwendo, dereva akatoa kichwa, akatutazama mimi na Shangazi tuliokaa viti vya mbele.

"Mzee kavuta jiko! Hongera!" Akamwangalia Shangazi vizuri zaidi. "Na bibi harusi mwenyewe kakomaa, hakuna masihara hapo!"

"Pita huko, mshenzi!" Shangazi alimfokea. Baada ya bajaji kwenda zake alijitazama kwenye kioo cha pembeni, akaurekebisha mtandio. "Lakini si wanja bado upo?"

"Upo, Shangazi."

Kimara, tukisubiri

Niliinua boneti. Mvuke ulikuwa unapenya kwenye mfuniko wa rejeta. Kijana wa bodaboda, ambaye kwa kweli ndiye pekee aliyesimama, alishuka na kitambaa tayari mkononi.

"Mzee, tufungue mfuniko tumwage maji ya baridi, fasta tu."

Nilimshika mkono. Rejeta iliyochemka ukiifungua, maji yaliyobanwa ndani yanaruka na kukuchuna uso. Ukimwaga maji ya baridi kwenye chuma cha moto, unaweza kukipasua. Dawa ya mwanzo ni kukaa chini. Kijana alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba dawa ya njaa ni kufunga, lakini alikaa. Shangazi alifunua sinia, akampa visheti.

"Bibi, hivi vitamu balaa."

"Vya harusi hivyo. Kula viwili, usivimalize."

Alikula vinne. Mimi nilichungulia injini bila kugusa. Niliona ncha za utepe zimepita juu ya rejeta na kuingia ndani, nikadhani zimebanwa tu na boneti. Ua nalo lilikuwa limeziba sehemu kubwa ya grili, na gari hupumulia hapo.

"Shangazi, hili ua tulitoe. Linazuia upepo."

"Halitoki." Alisema bila kuinua sauti. "Gari la harusi halivuliwi nguo njiani, Rajabu. Bibi harusi hajaingia, wewe unalivua. Unataka mwanetu arudi nyumbani kabla ya fungate kwisha?"

Sikubishana. Katika ukoo wetu mambo ya gari ni yangu na mambo ya harusi ni yake. Sasa gari la harusi ni la nani, hilo tulikuwa hatujawahi kulijadili.

Wakati tunasubiri, mke wangu alipiga simu. Yeye alikuwa Kigamboni tangu juzi.

"Baba Salma, mmefika wapi?"

"Kimara. Gari inachemsha."

Akashusha sauti. "Ami yake bwana harusi anasema mpe shehe uwakala kwa simu, mambo yaishe. Watu wanakuja, biriani liko motoni." Kisha nikasikia simu ikinyang'anywa, na sauti ya Zuhura ikaingia, nzito kama ya mtu aliyekuwa akilia au aliyekatazwa kulia ili hina na poda visiharibike.

"Baba mdogo, unakuja?"

"Nakuja."

"Na shehe akitaka kuondoka?"

"Nitakuwa nimefika."

Nilikata simu, nikaigusa rejeta kwa mgongo wa mkono. Ilikuwa imepoa. Nilifungua mfuniko polepole kwa kitambaa, hatua ya kwanza hewa itoke, hatua ya pili uachie. Tulinunua maji ya chupa kwenye genge la jirani, nikaongeza taratibu, tukaondoka. Kijana wa bodaboda alitutangulia akipiga honi na kufungua njia, maana na yeye sasa alikuwa ameshakula harusi hii.

Ubungo hadi Manzese

Barabara ilipofunguka kuelekea Ubungo mshale ulitulia, na Shangazi akaniambia, "Unaona? Dua." Tulipoingia kwenye foleni ya Ubungo ukapanda tena. Jambo hilo lilinipa fununu. Likienda linapoa, likisimama linachemka. Likienda, upepo wa barabara unalisaidia. Likisimama, kuna kitu kinachotakiwa kuleta upepo, nacho hakileti. Lakini fikra nzuri ndani ya gari lenye hita iliyowashwa na shangazi mwenye wanja unaotiririka huwa hazifiki mwisho. Niliendesha hadi Manzese nikijua tu kwamba sitafika mbali zaidi ya hapo.

Gereji niliyoingia ilikuwa uwanja mdogo kati ya muuza vyuma na banda la mishikaki. Singeli ilikuwa inapigwa kwa sauti ambayo ingeweza kulegeza nati. Fundi alijitambulisha kwa jina la Side, kofia kaigeuza nyuma, akamwamkia Shangazi kabla ya kunisalimu mimi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Tunawahi nikahi, usitucheleweshe."

"Nikahi? Basi leo bei ya harusi." Aliingiza kichwa chini ya boneti, akakitoa upesi. "Mshua, hii gasketi ya kichwa imekufa. Tunashusha kichwa."

"Saa ngapi tutamaliza?"

"Kesho kutwa, Mungu akipenda."

Shangazi alishika kifua. Mimi nilichomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakizamisha, nikakitoa tena na kumwonyesha. Gasketi ikipasuka, mara nyingi maji huingia kwenye oili nayo hugeuka kama chai ya maziwa. Hii ilikuwa oili ya kawaida. Nikamwonyesha na maji ya rejeta, hayana mapovu wala mafuta juu.

"Sawa, mshua kasoma," Side alisema, hajakasirika hata kidogo. "Basi themostati. Tunaitoa, tunatupa. Sie huku hatunaga themostati, nchi yenyewe moto."

"Themostati inabaki ndani, ndiyo inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta. Zima muziki, niwashe gari tusikilize."

"Nizime muziki?" Hapo ndipo alipoonekana kuumia.

Muziki ulizimwa. Muuza mishikaki naye akaacha kupepea, sijui kwa nini. Niliwasha injini, tukasimama watu wanne tukiitegea sikio kama wanaosubiri mwezi uandame. Basi la mwendokasi lilipita. Mshale ulipanda hadi mahali ambapo feni ya kupoza rejeta inatakiwa kuwaka yenyewe, ukapita. Feni haikulia. Tulisikia injini peke yake, na tumbo la Side.

Nilizima, nikachukua tochi ya simu, nikamulika nyuma ya rejeta. Mapanga ya feni yalikuwa yamejaa kitu laini, cha kung'aa, rangi ya waridi.

"Shangazi," nilisema, "ncha za utepe ulizifunga wapi?"

"Sikuzifunga. Zilikuwa zinapepea, nikazichomeka humo ndani ulipoliacha boneti wazi ukaenda kuoga. Nikasema boneti likifungwa litazibana vizuri." Alinitazama. "Na aliyelifunga boneti ni nani?"

Aliyelifunga nilikuwa mimi, nikiwa na haraka, kanzu mkononi, bila kuangalia. Ukaguzi wangu wote nilikuwa nimeufanya kabla ya utepe. Side alianza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika, kisha akashindwa kujizuia. Muuza mishikaki alikuja kuchungulia, naye akacheka. Nami nilicheka, kwa sababu nafuu ya kujua ugonjwa ilikuwa kubwa kuliko aibu yake.

Manzese, kufungua

Kazi iliyobaki haikuwa ngumu, ila ilihitaji ruhusa. Kuutoa utepe kwenye feni kulimaanisha kuukata, na ua lingeng'oka pamoja nao. Side alishika kisu akaniangalia. Nami nikamwangalia Shangazi.

Shangazi alisogea karibu. Alisimama mbele ya gari na mtandio wake wa sherehe, katikati ya vyuma vya Manzese, akiulainisha utepe kwa vidole. Simu yangu ililia tena. Nilimpa yeye aipokee. Sikusikia aliyosema Zuhura, nilisikia tu majibu ya upande wetu: "Ndiyo, mwanangu... Hapana, hutaozwa na simu... Nimesema hapana."

Alinirudishia simu, akamnyoosha Side mkono. "Lete kisu. Niliyefunga ndimi nitakayefungua."

Alisoma dua fupi, akakata mwenyewe, upande mmoja kisha wa pili, akalibandua ua na kuliweka kwenye buti kama mtu anayelaza mtoto. Side alileta spoku ya baiskeli aliyoikunja ncha, akaanza kuuvuta utepe kwenye mapanga, kipande kwa kipande, kwa uangalifu ambao sikuutarajia kutoka kwa mtu aliyetaka kushusha kichwa cha injini. Mimi nilifungua kisanduku cha fyuzi. Ya feni ilikuwa imekatika, na ndiyo kazi yake. Mota ilipobanwa na satini, fyuzi ilikubali kufa ili mota ipone. Ya akiba niliyokuwa nayo haikuwa ya nguvu ile. Tuliipata duka la tatu, kwa kijana aliyeniuliza kama nataka ya Dubai au ya kawaida. Nilichukua yenye namba sawasawa na iliyokatika. Fyuzi kubwa zaidi hukaa bila kukatika hadi kitu kingine kiungue badala yake.

Tuliwasha. Mshale ulipanda, ukafika pale. Feni ikalia vuuu. Side akainua mikono kama aliyefunga goli.

"Mshua, ningekuambia mapema ni feni."

"Ulisema ni kichwa."

"Feni si iko karibu na kichwa?"

Shangazi alimwachia visheti kwenye gazeti. Side akakataa bei aliyoitaja mwanzo, akataja ndogo, akasema nyingine ni kamchango ka harusi.

Foleni ya Magogoni

Nilichagua kuvuka bahari kwa pantoni badala ya daraja, kwa sababu tulikuwa tumeshaingia mjini na pale kwenye foleni ningeweza kuzima injini. Tulipofika, magari yalikuwa mengi mno. Saa sita ilikuwa imepita. Nilimwendea mfanyakazi mwenye kizibao cha kung'aa, nikamweleza kwamba mimi ni walii na nikahi inanisubiri ng'ambo.

Alilitazama gari, akanitazama mimi na mikono yangu. "Harusi gani mzee? Gari halina hata ua."

"Mapambo yameingia kwenye feni."

"Kila siku nasikia mapya hapa."

Shangazi alikuwa ameshashuka. Alifungua buti, akalitoa lile ua lililochanika, lina alama za oili, akalinyanyua juu kwa mikono miwili. Kisha akapiga kigelegele. Kilikuwa cha zamani, kirefu, cha mtu aliyewatoa wari wengi unyagoni. Wanawake waliokuwa wakisubiri kuvuka kwa miguu waligeuka. Mmoja akajibu, wakajibu watatu, kisha eneo lote likaitika. Mama muuza maandazi aliweka ndoo chini ili apate kupiga makofi. Dereva wa mbele yetu alishuka, akadhani bibi harusi ni Shangazi, akampa pole kwa joto na hongera kwa pamoja.

"Siye mie!" Shangazi alisema. "Bibi harusi yuko ng'ambo analia, na anayemwoza ni huyu hapa, mmemzuia!"

"Walii kazuiwa?" dereva yule akauliza kwa sauti kubwa. "Jamani, mpisheni!"

Magari yakaanza kujibana kushoto, moja baada ya jingine. Mfanyakazi wa kizibao alisogeza kizuizi.

"Pita mzee, pita. Kabla hawajaleta na ngoma."

Azana ya adhuhuri ilitukuta juu ya maji. Niliitumia nafasi hiyo kunawa mikono kwa sabuni ya unga aliyonipa utingo wa lori. Iliondoa nusu ya oili. Nusu ya pili ilibaki kwenye kucha.

Kigamboni

Tulifika msikitini watu wameshamaliza kusali. Shehe alikuwa amesimama mlangoni, viatu kavaa, funguo za pikipiki mkononi, na ami yake bwana harusi alikuwa amemshikia simu usoni ili nipigiwe. Nilivaa kanzu palepale kando ya gari. Shehe alinitazama, akaitazama saa yake, akavua viatu tena.

Ndani tulikaa mkekani tukitazamana, mimi na bwana harusi, kijana mpole anayeitwa Idrisa. Shehe aliuliza kama nitampa uwakala ama nitaoza mwenyewe. Nilisema mwenyewe. Nilikuwa nimeyajifunza maneno yale kwa wiki nzima, nikiyarudia hata ninapopima upepo wa matairi. Idrisa alinyoosha mkono, nikaushika. Aliiona oili kwenye kucha zangu, akaminya kwa nguvu zaidi.

Nilitamka jina la Zuhura na jina la kaka yangu, baba yake. Jina la kaka nililitamka mara mbili. Nikamwoza. Idrisa akakubali kwa sauti iliyosikika hadi nje, na upande wa wanawake ukapasuka kwa vigelegele.

Baadaye, nyumbani kwao, nilipelekwa ndani kwa Zuhura. Alikuwa amefunikwa, amezungukwa. Aliuchukua mkono wangu wa kulia, ule uliomwoza, akautazama pande zote mbili, kisha akacheka hadi mama yake akamkemea kwa ajili ya wanja. Nilimtuza nilichokuwa nacho mfukoni, nikatoka nikala biriani.

Kwa wale mlioniuliza hasara, nimejumlisha maji ya Kimara, ufundi wa Manzese, fyuzi, na satini nyingine ambayo Shangazi aliagiza inunuliwe jioni ileile. Niliyomtuza Zuhura haimo, kwa sababu ile si hasara. Iliyopotea ni shilingi elfu arobaini na mbili na mia tano.